Chora kwanza, kata nyuma

Wengi wanatuuliza namna ya kubuni nguo kufuatana na wakati wa zamani. Sisi wa mwaka wa mwisho tunajibu hivi.

Kwanza, chagua wakati. Tuseme wakati wa Zaire, 1971 mpaka 1997. Mobutu alikataza kostime na tai. Wanaume wakavaa abacost, maana yake «kostime chini», na kitambaa shingoni. Bamama wakakatazwa suruali, wakabaki na kitenge. Tai ziliruhusiwa tena tarehe 24 Aprili 1990. Lakini vijana hawakungoja: Papa Wemba, aliyeanzisha Viva La Musica mwaka 1977, alipenda nguo za Paris, nao wakamufuata.

Pili, uliza wazee wetu wa Masisi na Walikale: mikono ilikuwa mirefu ao mifupi? Vifungo ngapi?

Tatu, chora watu sita, mbele na mgongoni, wazo moja lionekane kwa wote. Mfano: kola ya abacost juu ya gauni ya kitenge.

Juu ya nini kuchora kwanza? Kitenge kizima ni yadi 6, na mama alilima ili akinunue. Penseli inafutika. Mkasi hapana.