Jina Kwanza: Wachekeshaji na Wanamieleka Katika Siasa za Japani

Wako wanaocheka wakisikia kwamba Japani, nchi ya saa na magari na treni zisizochelewa, mchekeshaji wa televisheni aweza kulala msanii akaamka mbunge. Mimi sikucheka. Nilitaka kuujua mlango aliopitia, na nilipoutafuta nikakuta ni penseli.

Kwani Mjapani akienda kupiga kura hapewi karatasi iliyopigwa chapa majina ya wagombea. Hupewa karatasi tupu, akaliandika jina la amtakaye kwa mkono wake. Basi jina lisilokaa kichwani halifiki karatasini. Ndiyo maana magari ya wagombea yazungukapo mitaani na vipaza sauti, aghalabu husikii hoja wala sera, ila jina tu, likirudiwa na kurudiwa kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Kubisha hodi nyumba kwa nyumba kuomba kura sheria yao imekataza. Na wagombea wawili wakiwa wa jina moja la ukoo, tuseme Suzuki na Suzuki, na mpiga kura akaandika Suzuki basi, kura hiyo haitupwi. Hugawanywa, kila mmoja akachukua fungu lake kwa kadiri ya kura zake nyingine, hata matokeo yakatoka na desimali. Msomaji aliyepitia elimu ya mirathi hatastaajabu sana.

Wenyewe wana msemo kwamba mgombea ahitaji "ban" tatu: jiban, watu wake wa nyumbani, kaban, mkoba wa fedha, na kanban, ubao wa dukani wenye jina. Mtu mashuhuri huja na ubao wake umekwisha kuandikwa.

Soko lao kubwa lilikuwa Baraza la Juu la Bunge. Hadi mwaka 1980, katika kila uchaguzi viti 50 viligombewa nchi nzima ikiwa jimbo moja. Jimbo hilo likiitwa zenkoku, yaani taifa zima; kwa gharama na mateso yake watu wakageuza irabu moja tu, wakaliita zankoku, ukatili. (Taifa lichezalo na irabu hivyo, sisi washairi hatuna budi kulipenda.) Sasa nani ajulikanaye toka kaskazini hadi kusini, kama si yule aingiaye kila nyumba kila jioni bila ya kubisha hodi? Mwaka 1962 Aki Fujiwara, bibi wa televisheni, aliongoza wote kwa kura zaidi ya milioni 1. Mwaka 1968 mwandishi wa riwaya Shintaro Ishihara akapata zaidi ya milioni 3, na pamoja naye wakaingia mchekeshaji Yukio Aoshima na Hirobumi Daimatsu, kocha wa wasichana walioshinda dhahabu ya mpira wa wavu mwaka 1964.

Katika hao, aliyenigusa ni Aoshima. Mwaka 1995 aligombea ugavana wa Tokyo bila ya kuzunguka akihutubia. Ahadi yake ilikuwa kuyafuta maonyesho makubwa ya jiji yaliyokuwa yakitayarishwa kwa fedha nyingi. Akashinda. Baraza la jiji likamtaka maonyesho yaendelee, akayafuta. Mcheshi alisema neno akalitimiza.

Lakini siku hiyohiyo watu wa Osaka nao walimchagua mchekeshaji, Knock Yokoyama, na mwaka 1999 wakamrudisha kwa kura zaidi ya milioni 2. Katika kampeni hiyo ya pili mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akimfanyia kazi alimshtaki kwamba alimshikashika ndani ya gari. Gavana akasema ni uongo mtupu. Msichana hakurudi nyuma. Kabla ya mwaka kwisha Yokoyama alijiuzulu, na mwaka 2000 mahakama ikamtia hatiani. Nafikiri mara nyingi juu ya msichana huyo, aliyesimama na neno lake mbele ya jina lililopendwa na mamilioni.

Na Antonio Inoki je? Wazee wenzangu watamkumbuka: ndiye mwanamieleka aliyepambana na Muhammad Ali mjini Tokyo mwaka 1976, akilala chini na kumpiga mateke ya miguu mpaka raundi ya 15, wakatoka sare. Mwaka 1989 akaingia bungeni. Mwaka uliofuata, Iraki ilipowazuia Wajapani, alikwenda Baghdad, akaandaa tamasha la michezo, na wenziwe wakaachiliwa. Imesimuliwa kwamba katika safari hiyo alizuru Karbala akatamka shahada, akapewa jina Muhammad Hussain. Alifariki mwaka 2022. Mwanasiasa stadi wa hoja angekwenda Baghdad? Sidhani.

Tangu mwaka 2001 penseli imepata kazi mpya. Katika viti vya orodha za vyama, mpiga kura aweza kuandika jina la mtu au la chama, na kura ya mtu huingia pia katika kapu la chama chake. Hivyo vyama huwatafuta wenye majina, ili waliofichika katika orodha wapande jahazi hilohilo. Mwaka 2022 alichaguliwa GaaSyy, mwanamume wa YouTube aliyekuwa akikaa Dubai. Hakuhudhuria kikao hata kimoja, na Machi 2023 wenziwe wakapiga kura wakamfukuza. Kiti hakikubaki kitupu. Alikikalia mwingine wa orodha ileile, ambaye kura zilizoandikwa jina lake mwenyewe zilikuwa chache mno.