ONEM: Ofisi inayotafutia watu kazi, nayo inaangaliwa na nani?

Katika miji ya Mashariki mwa Kongo, kijana aliyemaliza masomo anajua vizuri karatasi anazopaswa kukusanya kabla ya kuomba kazi: diploma, CV, barua ya maombi, na mara nyingi kadi ya mtu anayetafuta kazi inayotolewa na Ofisi ya Kitaifa ya Kazi, ONEM. Matangazo mengi ya mashirika ya misaada huko Goma, Bukavu, Bunia ao Beni yanaomba kadi hiyo. Asiyekuwa nayo, bahasha yake inaweza kuwekwa kando hata kabla ya kusomwa.

Ndiyo maana hali ya watu wanaofanya kazi ndani ya ofisi hiyo si habari ya Kinshasa peke yake. Waliingia kwa njia gani? Wanalipwa namna gani? Wakikosea, nani anawauliza? Maswali hayo yanagusa kila nyumba yenye mtoto aliyesoma na ambaye bado anakaa bila kazi.

Kile sheria inaomba

ONEM iliundwa kwa dekreti ya tarehe 3 mwezi wa saba 2002. Miezi mitatu nyuma yake, tarehe 16 mwezi wa kumi, inchi ilipata Sheria ya Kazi, ile inayoitwa Code du travail, ambayo ilirekebishwa mwaka 2016. Ofisi ilipewa jukumu la kuandikisha wanaotafuta kazi, kupokea nafasi zinazotolewa na waajiri, kukutanisha pande hizo mbili na kufuatilia hali ya soko la kazi katika inchi.

Kuna jukumu lingine ambalo wafanyakazi wengi hawalifahamu: mkataba wa kazi ulioandikwa unapaswa kupita ONEM ili kupata visa. Muhuri huo una maana. Unataka kusema kwamba kuna mtu wa tatu, ambaye si tajiri wala mfanyakazi, aliyesoma mkataba na kuona kama unaheshimu sheria.

Chukua mfano wa mama anayesafisha vyumba katika hoteli, ambaye analipwa siku kwa siku. Sheria ya Kazi inasema kwamba mtu wa namna hiyo akishafanya siku 22 katika muda wa miezi miwili, na akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, kazi yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Hata mkataba usipoandikwa, sheria inauchukua kuwa wa muda usio na mwisho, mpaka kinyume chake kithibitishwe. Ajenti anayejua sheria, na asiyeogopa mtu, anaweza kumkumbusha tajiri mambo hayo. Lakini ajenti aliyezoea kupokea matabishi anapiga muhuri na kufunga daftari.

Wakubwa wanatoka wapi

ONEM ni shirika la serkali lenye uongozi wake, chini ya uangalizi wa wizara ya Kazi. Sheria ya tarehe 7 mwezi wa saba 2008 inapanga mashirika ya namna hiyo: baraza la usimamizi linalotoa mwelekeo, mkurugenzi mkuu anayeongoza kazi za kila siku, na wakaguzi wa mahesabu. Nafasi za juu zinajazwa kwa ordonansi ya Rais wa Jamhuri.

Katika karatasi, macho ni mengi: baraza, wakaguzi, waziri, Inspection générale des finances (IGF), kisha Bunge linaloweza kumwita waziri na kumuuliza. Shida ni kwamba viti vya mashirika ya serkali vimezoea kugawanywa kati ya vyama vinavyoshika utawala. Anayekuja kwa njia ya chama anajua anadaiwa, na deni hilo mara nyingi linalipwa kwa kuingiza watu: mdogo wa huyu, shemeji wa yule, mwanachama aliyebandika picha wakati wa kampeni.

Hiyo inapingana na ahadi ambayo inchi ilijitolea zamani. Mwaka 1969, Kongo ilikubali Mkataba namba 88 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliopitishwa mwaka 1948. Mkataba huo unasema huduma ya serkali ya kutafutia watu kazi ni ya bure. Unaomba pia wafanyakazi wake wachaguliwe kwa kuangalia uwezo wao tu, wafundishwe kazi, na wawe na usalama wa kazi ili mabadiliko ya serkali ao mkono wa mtu wa inje usiwayumbishe.

Somo la namba za matricule

Kwamba uangalizi unaweza kufichua mambo, Wakongomani walijionea mwezi wa kwanza 2023. IGF ilipokagua orodha ya malipo ya serkali nzima, ilipata watu 145 604 wenye namba za matricule zisizo sahihi ao za kubuni. Pamoja na makosa mengine iliyoyakuta, ilihesabu kwamba hazina ya inchi ilikuwa inapoteza karibu miliardi 149 za franka kila mwezi.

Upande mwingine wako watu wa kweli wasiokuwa na malipo. Walimu na waganga wa Mashariki wanawafahamu: ni wale wanaoitwa Nouvelles Unités, wanaofanya kazi miaka bila kumekanizwa, yaani bila jina kuingia kwenye orodha ya mshahara. Jina lisilo na mtu linalipwa, mtu asiye na jina anangoja. Mahali popote penye hali hiyo, mkaaji anayefika kwenye dirisha ndiye anageuka kuwa mshahara wa ajenti.

Mbali na Kinshasa

Huku Mashariki, umbali unaongeza uzito. Mkaguzi anayetoka Kinshasa anahitaji ndege, na feza za safari hazitoki kila wakati. Kisha vita. Tangu AFC/M23 ilipochukua Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, mnyororo kati ya ofisi za serkali za miji hiyo na wizara zake ulikatika. Benki zilifungwa, miradi mingi ikasimama, na watu wengi wakapoteza kazi wakati uleule ambapo mlango wa kulalamika ulikuwa unafungwa.

Hata hivyo, kuna mambo yasiyongoja amani wala feza nyingi, mahali serkali inapofika. Kila ofisi ya mkoa inaweza kubandika ukutani orodha ya maajenti wake na kazi ya kila mmoja. Inaweza kutangaza kila miezi mitatu watu wangapi waliandikishwa na wangapi walipata kazi. Nafasi mpya ndani ya ONEM zinaweza kutangazwa na kushindaniwa, sawa vile ofisi hiyo inavyowaomba waajiri wengine wafanye. Na mbunge wa mkoa anaweza kuomba hesabu hizo kwa maandishi.

Anayetafuta kazi naye ana maswali mawili ya kuuliza kwa heshima akiombwa feza: ni andiko gani linaruhusu malipo haya, na quittance iko wapi? Mtu mmoja akiuliza, anaweza kuambiwa arudi kesho. Mstari mzima ukiuliza, itabidi mkubwa wa ofisi atoke na kujibu.