Gome la Isibhaha

Katika soko la dawa la Warwick, Durban, mimi husimama kwenye mafungu ya magome. Isibhaha, gome la mti wa jina hilo, hujitambulisha yenyewe: ukiitafuna, inawasha kama pilipili. Wazulu huitumia kwa kikohozi na mafua. Wakikuyu wataukumbuka mti wa muthiga, ndugu yake wa karibu. Tatizo ni uchunaji. Mti ukivuliwa gome kuzunguka shina lote hufa, na porini isibhaha imekuwa adimu. Mtafiti Anne Hutchings na wenzake waliorodhesha mimea ya dawa ya Wazulu katika kitabu cha 1996. Kazi kubwa hiyo, ila katika kuuokoa mti huu mimi ningeketi kwanza na wachunaji: wao ndio wajuao mti gani umebaki mlima upi. Wataalamu wa mimea huhimiza majani yatumike badala ya gome, maana majani huchipua tena.