Kukaza na Kushika: Istilahi za Mzizi Bandia wa Jino katika Mfupa wa Mwenye Kisukari

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mfupa wa taya unavyoupokea mzizi bandia wa jino, na namna ugonjwa wa kisukari unavyoyachelewesha mapokezi hayo. Na papo hapo kuzipima istilahi za Kiswahili zitumikazo, au zifaazo kutumika, katika kulieleza jambo hilo. Tumelichagua kwa kuwa hapa neno lisilopimwa vizuri laweza kumdhuru msikilizaji. Mgonjwa aambiwaye kwamba jino lake jipya limeshika, hali bado halijashika, atalitafunia.

Tuanze na kitu chenyewe. Mzizi bandia ni skrubu fupi ya titani ambayo daktari huiingiza katika tundu alilolitoboa katika mfupa wa taya, mahali pa jino lililong'oka. Juu yake, baada ya muda, hufungwa taji, yaani ile sehemu ionekanayo kinywani. Kitu hiki si sawa na meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, yakaayo juu ya ufizi tu. Wengi hukiita kipandikizi, na neno hili limekwisha kuenea; hatuna nia ya kulifukuza. Lakini kupandikiza, kwa mkulima wa mpunga, ni kung'oa mche hai kitaluni na kuuhamishia jarubani. Na kwa daktari ni kuhamisha figo hai kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Skrubu ya titani haina uhai. Haioti wala haitoi mizizi. Asikiaye kipandikizi aweza kudhani kwamba kazi ya kuota ni ya skrubu, hali kazi yote ni ya mfupa. Kwa hiyo twaonelea heri kusema mzizi bandia, hasa tunapozungumza na mgonjwa.

Elimu hii ilizuka Sweden. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kutumia vyombo vidogo vya titani. Alipotaka kuvitoa vyombo hivyo, aliona mfupa umevishikilia hata havitoki. Mwaka 1965, mjini Göteborg, alimwekea mtu wa kwanza mizizi ya titani tayani. Hali hiyo ya mfupa hai kugusana na titani bila ya nyama laini kuingia kati ilipewa jina lililojengwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya mfupa. Tukilitohoa tutapata oseointegresheni, neno refu ambalo halimwambii kitu asiyejua Kilatini. Kiswahili chatupa kuunga, kama wasemavyo watu juu ya mguu uliovunjika: mfupa umeunga. Lakini kuunga ni kwa mfupa na mfupa mwenzake. Neno linalotuvutia zaidi ni kushika, alitumialo mkulima kwa mche uliokubali ardhi, na mwashi kwa saruji iliyokauka.

Hata hivyo kushika kuna hatari yake, na hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Siku ile skrubu inapoingizwa, huwa imara mara moja, kwa sababu hesi zake zimeuma mfupa wa zamani kama skrubu yoyote iumavyo mbao. Uimara huo ni wa kiufundi tu. Hata mfupa mkavu ungeutoa. Baadaye mwili hufanya kazi yake. Damu huganda kuizunguka skrubu, mishipa midogo ya damu huingia, na seli za aina mbili huanza kazi: seli zilazo mfupa, ambazo huuondoa mfupa uliobanwa na kuumizwa wakati wa kutoboa, na seli zijengazo mfupa, ambazo huweka mfupa mpya, kwanza wa harakaharaka na usio na mpango, kisha ule wa kudumu. Uimara wa pili huja na mfupa huu mpya. Kati ya uimara wa kwanza na wa pili pana bonde: katika majuma machache ya mwanzo, mfupa wa zamani umekwisha kuliwa na mpya haujatosha, na skrubu huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza.

Twapendekeza, basi, kwamba uimara wa kwanza uitwe mkazo, na wa pili mshiko. Skrubu hukaza siku ileile. Mfupa hushika baada ya majuma au miezi. Watangulizi wa Sweden walikuwa wakingoja karibu miezi mitatu kwa taya la chini, na sita kwa la juu, ambalo mfupa wake ni mwororo zaidi. Siku hizi muda huo umepunguzwa sana kwa wagonjwa wengi, na sababu mojawapo kubwa ni uso wa skrubu.

Uso, katika istilahi za hisabati, ni upande wa nje wa umbo, na neno hilo latutosha. Mizizi ya Brånemark ilikuwa na uso laini, kama uachwavyo na mashine ya kukereza. Baadaye ilibainika kwamba mfupa hushika vyema zaidi uso unaokwaruza kidogo, wenye vilima na mabonde ya kimo cha maikromita 1 hadi 2 hivi; na maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Ili kuupata uso huo, viwanda vingi huipuliza skrubu kwa chembe ngumu, kisha huitia katika asidi iile. Tumesikia kazi hii ikifasiriwa kuwa kupiga msasa. Fasiri hiyo yageuza maana juu chini! Seremala apigaye msasa ataka ubao uwe laini, hali hapa chuma laini chatiwa mikwaruzo. Ni afadhali kusema kukwaruza uso kwa chembe na asidi. Zaidi ya hayo, titani iliyokaa hewani hunasa uchafu usioonekana na hukataa maji. Kwa hiyo baadhi ya mizizi huhifadhiwa katika maji ya chumvi ili damu ienee juu yake mara iguswapo. Huo twauita uso ulowanao.

Sasa mtu mwenye kisukari. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, hujibandika kwenye protini za mwili, ikiwemo kolajeni ambayo ni kama nyuzi za mfupa, na kuzikakamaza. Mishipa midogo ya damu huharibika, chembe nyeupe hupigana na vijidudu kwa unyonge, na seli zijengazo mfupa hupungua nguvu. Tukirudi kwenye istilahi zetu: kisukari hakiugusi sana mkazo, ambao ni kazi ya hesi na mkono wa daktari; hukawiza mshiko. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, ambao ulipima uimara wa mizizi kwa mtetemo, ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili ambao sukari yao haikudhibitiwa walikuwa na bonde la kina zaidi, na walikawia zaidi kutoka humo. Hatimaye mizizi mingi ilishika. Kisukari peke yake si sababu ya kumnyima mtu mzizi bandia. Lakini daktari anayemwambia mgonjwa huyo "limeshika" siku ya kwanza, kwa kuwa tu skrubu haitikisiki, amemficha bonde analokwenda kulipita.

Je, uso unaokwaruza au ulowanao waweza kufidia udhaifu huo? Majaribio mengi ya wanyama yatia matumaini. Hata hivyo uso haupunguzi sukari, wala hauwapi nguvu walinzi wa mwili. Na mkwaruzo huohuo, ufizi ukirudi nyuma na kuuacha wazi, huwa maskani mazuri ya bakteria.

Limebaki jina la kipimo. Maabara hupima sehemu ya hemoglobini iliyobandikwa sukari, na jibu lake huonyesha hali ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Katika utafiti tulioutaja, wasiodhibitiwa walikuwa wale waliozidi asilimia 8. Hemoglobini ya sukari ni istilahi sahihi kwa maabara. Kwa mgonjwa, twaona sukari ya miezi mitatu yafaa zaidi, kwani yamtofautishia kipimo hiki na kile cha tone la kidoleni, ambacho chaweza kuwa kizuri leo kwa sababu jana alishinda na njaa akijiandaa kumwona daktari.