Kwa nini ushanga mmoja unameta kama mafuta juu ya maji na mwenzake unabaki kahawia?

Shanga mbili ziko mezani. Zimetoka kwenye ufito mmoja wa kioo, zimetengenezwa na fundi yuleyule, asubuhi ileile. Mmoja una rangi ya kahawia iliyopooza kama chupa ya bia. Mwingine unameta bluu, zambarau na dhahabu, kama tone la mafuta kwenye dimbwi la maji.

Hakuna rangi iliyopakwa. Tofauti yao ni sekunde tatu tu za moto.

Kioo chenye tabia hii huitwa kioo cha ridaksheni. Mafundi wa shanga wanaotumia tochi ya gesi wanakipenda sana, na wanaoanza kazi wanakilalamikia kuliko kingine chochote, maana ufito wake si wa bei rahisi na kuuharibu ni kazi ya kupepesa macho.

Fedha iliyojificha

Kwanza, ushanga wenyewe unavyozaliwa. Fundi anakaa mbele ya tochi iliyofungwa mezani, inayochanganya propani na oksijeni. Mkono mmoja unashika ufito wa kioo, mwingine unazungusha waya wa chuma kisichoshika kutu. Waya huo umechovywa kwenye uji wa udongo na kukaushwa, ili kioo kisigandie moja kwa moja. Kioo kikilainika kinaviringishwa juu ya waya. Fundi akisita kuzungusha hata kidogo, kinaning'inia upande mmoja kama asali.

Kazi hii ina mizizi mirefu Venice na kisiwa jirani cha Murano, Italia. Mwaka 2020 UNESCO iliiweka sanaa ya shanga za kioo ya Italia na Ufaransa kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Fito nyingi za rangi za kawaida bado zinatoka Murano. Hizi za ridaksheni zina watengenezaji wake, kwa mfano Double Helix ya Marekani, ambayo kioo chake kiitwacho Triton kinajulikana sana kwa mafundi.

Siri yake ni fedha (ile ya pete, si ya mfukoni). Kiasi kidogo huyeyushwa ndani ya kioo, na ndiyo maana bei yake ni mara kadhaa ya kioo cha kawaida. Ila ukiutazama ufito dukani huoni fedha yoyote. Imeshikana na oksijeni na imetawanyika humo ndani.

Moto wenye njaa

Molekuli moja ya propani inahitaji molekuli tano za oksijeni ili iungue yote. Oksijeni ikitosha, moto unakuwa mwembamba, wa bluu, unavuma. Fundi akiipunguza au akiongeza propani, moto unavimba, unarefuka na kulegea, ncha yake ikigeuka manjano.

Sasa gesi haiungui yote. Ndani ya moto huo kuna haidrojeni na kaboni monoksidi, zote zikisaka oksijeni popote ilipo. Zinaikuta kwenye uso wa kioo, zinainyofoa kutoka kwenye fedha, na fedha iliyoachwa peke yake inajikusanya juu kama utando mwembamba mno. Mwanga ukigonga utando huo unarudi na rangi za upinde wa mvua, kama kwenye povu la sabuni.

Saa ya kufanya hivyo ndiyo inayowashinda wengi. Umbo lazima limalizwe kwanza. Kisha ushanga unatolewa motoni hadi wekundu wake wa joto upotee, lakini usiachwe ukapoa kiasi cha kupasuka. Hapo ndipo unapitishwa kwenye moto uliolegea, mbali kidogo na mdomo wa tochi, sekunde mbili au tatu huku ukizunguka, halafu unatolewa na kutazamwa. Rangi inaonekana palepale. Ikiwa haijakolea, unarudishwa. Ukizidisha, uso unakuwa wa kijivu kama umepakwa majivu.

Kosa la kawaida ni hili: mng'ao umetoka vizuri, fundi anafurahi, kisha anaona kibonge kidogo upande mmoja. Anaurudisha ushanga kwenye moto wa kawaida ili akisawazishe. Oksijeni inarudi kwenye fedha, na uzuri wote unaondoka. Kumbe kosa hilohilo ndilo dawa ya ushanga uliogeuka majivu: unachomwa kwenye moto wenye oksijeni nyingi, utando unafutika, kazi inaanza upya.

Baadaye ushanga huingia kwenye tanuri ya umeme yenye joto la nyuzi 510 hivi na kupozwa taratibu, ili nje isipoe kabla ya ndani na kuupasua. Tanuri ya umeme haina moto wa gesi, hivyo mng'ao unabaki.

Si kila kioo kinapenda moto huu. Kioo cha feruzi au kijani chenye shaba kinaweza kutoka na utando mwekundu kama tofali, na chenye risasi kinageuka cheusi. Wanaofanyia kazi nyumbani mara nyingi hutumia mashine za kuzalisha oksijeni kama zile za wagonjwa. Mashine ikidhoofika, moto unakosa oksijeni bila mtu kukusudia, na muuza fito ndiye anayelaumiwa.

Shaba na njaa hiyo ya oksijeni zimefika hata pwani yetu. Shanga ndogo nyekundu za India zinazofukuliwa kwenye miji ya kale ya Afrika Mashariki zilipata wekundu wake kwa shaba iliyonyimwa oksijeni. Hizo hazikujua tochi, zilikuwa kazi ya tanuri.

Hatari isiyo na harufu

Kaboni monoksidi inayovuta oksijeni kutoka kwenye fedha ndiyo ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Haina harufu wala rangi. Hatari ni kubwa zaidi msimu wa baridi Ulaya na Marekani, fundi anapofunga mlango wa gereji ili asitetemeke.

Kwa hiyo juu ya meza panahitajika feni inayotoa hewa nje, na upande wa pili dirisha la kuingiza safi. Mtungi wa propani unakaa nje ya nyumba, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja inalala sakafuni ikisubiri cheche. Kifaa cha kutambua kaboni monoksidi hufungwa ukutani. Kikilia, tochi inazimwa na mtu anatoka nje, ushanga uwe umemeta au la.