Kukatwa pafu: utafiti unasema nini, na kwa nini tusichelewe

Ami yangu mmoja hapa Muscat, mtu wa miaka sitini na kitu, alipigwa picha ya kifua kwa sababu ya jambo jengine kabisa. Akaambiwa ana kidoa cha milimita 15 kwenye pafu la kulia, na vipimo vikaonesha ni saratani changa. Madaktari wakamshauri upasuaji. Yeye akasema: "Mimi sikatwi. Saratani ikiguswa na kisu ikapata hewa, husambaa mwili mzima. Na mtu wa pafu nusu ni mtu huyo?" Familia ikagawika. Simu kutoka Unguja zikawa haziishi, kila mmoja na rai yake. Wiki sita zikapita hivyo hivyo.

Maneno ya ami si mageni katika nyumba zetu, na ndiyo maana nimeona bora tuyaeleze mambo haya kwa utulivu.

Tuanze na pafu lenyewe. Pafu la kulia lina sehemu kubwa tatu, la kushoto lina mbili. Kila sehemu kubwa nayo imegawika vijisehemu, mfano wa chungwa lililomenywa, na kila kijisehemu kina njia yake ya hewa na mshipa wake wa damu. Kwa hivyo daktari anaweza kuondoa kimoja na vyengine vikabaki vinafanya kazi.

Zamani haikuwa hivyo. Tarehe 5 Aprili 1933, katika mji wa St. Louis, Marekani, daktari Evarts Graham alimuondolea pafu zima la kushoto mgonjwa wa saratani, James Gilmore, ambaye naye alikuwa daktari wa wazazi. Ilikuwa mara ya kwanza operesheni ya namna hiyo kufanikiwa kwa saratani. Gilmore aliishi karibu miaka 30 baadaye kwa pafu moja. Graham mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Mwaka 1950, yeye na kijana Ernst Wynder walichapisha utafiti ulioonesha kwamba sigara na saratani ya mapafu vinakwenda pamoja. Akaacha kuvuta, lakini alikuwa ameshachelewa: mwaka 1957 alifariki kwa maradhi yale yale aliyokuwa akiyatibu, na mgonjwa wake bado yuko hai.

Baadaye madaktari waliona hapana haja ya kutoa pafu zima kwa kila mtu. Inatosha kutoa sehemu kubwa moja. Je, kidogo zaidi ya hapo? Mwaka 1995 watafiti wa Amerika ya Kaskazini walitoa majibu ya wagonjwa 247: waliokatwa kipande kidogo, saratani ilirudi pale pale mara tatu zaidi kuliko waliotolewa sehemu kubwa. Mlango ukafungwa kwa miaka mingi.

Lakini mashine za kupiga picha zikaendelea kuwa bora, na vidoa vikaanza kuonekana vingali vidogo sana. Wajapani wakaliuliza suala upya. Kati ya 2009 na 2014 waliandikisha wagonjwa 1,106 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, wakawagawa kwa bahati nasibu: hawa sehemu kubwa, hawa kijisehemu. Majibu yalitoka 2022. Baada ya miaka mitano, waliotolewa kijisehemu waliokuwa hai ni asilimia 94.3, na waliotolewa sehemu kubwa asilimia 91.1.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Kwa waliotolewa kijisehemu, saratani ilirudi pale pale kwa asilimia 10.5, dhidi ya 5.4 kwa wenzao. Hata hivyo walioishi ni wengi zaidi, kwa sababu waliokufa kwa maradhi mengine walikuwa wachache. Mtu mzima mwenye pafu lililobaki zaidi huwa na nguvu ya kukabiliana na maradhi mengine, hata ya kufanyiwa matibabu tena. Ama tofauti ya pumzi baina ya makundi mawili, ilikuwa ndogo kuliko walivyotarajia watafiti. Mwaka 2023 utafiti mwengine wa wagonjwa 697 wa Marekani, Canada na Australia nao ukaonesha kwamba, kwa uvimbe mdogo kama huo, kukata kidogo hakukumpunguzia mgonjwa umri.

Na ile habari ya hewa? Saratani haisambai kwa kuguswa na hewa. Zamani wengi walifika hospitali maradhi yameshaenea. Walipofunguliwa yakaonekana, na baada ya muda wakafariki. Watu wakakilaumu kisu. Aliyekosa ni kuchelewa.

Sasa hasara iko wapi? Ni kwamba haya yote ni kwa anayewahi. Saratani ya mapafu haiumi inapoanza. Utafiti mkubwa wa Marekani wa watu 53,454 waliovuta sana sigara, uliotolewa 2011, ulionesha kwamba skani ya CT ya mionzi midogo kila mwaka kwa miaka mitatu ilipunguza vifo vya saratani hiyo kwa asilimia 20, ukilinganisha na eksrei ya kawaida. Lakini skani hiyo pia inatia khofu bure: katika kila majibu 100 yaliyoonesha kitu, karibu 96 haikuwa saratani. Kwa hivyo si kipimo cha kila mtu. Marekani wanapendekezewa wenye miaka 50 hadi 80 waliovuta kiasi cha paketi moja kwa siku kwa miaka 20, na ambao bado wanavuta au wameacha ndani ya miaka 15. Jamaa zetu walioko Uingereza, wenye miaka 55 hadi 74 na waliowahi kuvuta, wakiletewa barua ya uchunguzi wa mapafu wasiitupe.

Na tusijidanganye na shisha. Maji hupoza moshi. Hayaisafishi sumu iliyomo.

Kikohozi kikizidi wiki tatu, au kikitoka na damu, nenda hospitali. Na aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu bila ya vijidudu kuonekana kwenye makohozi, kisha asipate nafuu, aulize achunguzwe tena.

Ami alikubali wiki ya saba, baada ya mwanawe kumpeleka kwa daktari wa upasuaji na masuala yake yameandikwa kwenye karatasi: uvimbe una ukubwa gani, umefika kwenye tezi au la, utakata sehemu kubwa au kijisehemu na kwa nini, na pumzi yangu itabaki kiasi gani? Alijibiwa moja baada ya moja. Alitolewa kijisehemu kimoja. Alhamdulillahi, hivi sasa anakwenda msikitini kwa miguu, na kila miezi michache anarudi kupigwa picha. Karatasi ile ameiweka, na jamaa wawili wameshaiomba.