Nyama ya Kijitini na Binamu Zake

Kila nchi yenye soko na njia kuu ina nyama yake ya kuliwa kwa mkono, bila ya sahani wala kisu, na hitilafu zilizopo baina ya nyama hizo, ambazo watu aghalabu huzinasibisha na ustadi wa wapishi au tabia za makabila, kwa sehemu kubwa zimetokana na mambo mawili ambayo mpishi hana amri juu yake: mnyama huchinjwa saa ngapi, na barafu iko umbali gani. Msomaji wa Makobola, anayekaa baina ya Uvira na Baraka, ziwa upande mmoja na milima upande wa pili, anao ushahidi wa jambo hili kila jioni mkaa uwashwapo kando ya barabara, ingawa huenda hajapata kuutazama kwa jicho hilo.

Tuanze mbali kidogo. Katika mji wa Chicago, ambako machinjio makubwa ya Union Stock Yards yalifunguliwa mwaka 1865 na kufungwa mwaka 1971, soseji ya ng'ombe huwekwa ndani ya mkate mrefu ulionyunyizwa mbegu ndogo nyeusi, ikafuatishwa haradali, vitunguu, nyanya, tango la siki na pilipili, na wenyeji humwona mshenzi kila athubutuye kuitia sosi ya nyanya. Huko New York, ambako duka la Nathan's lilianza pwani ya Coney Island mwaka 1916, watu huridhika na haradali na kabichi iliyochachushwa. Mabishano yao ni makali, lakini yote ni juu ya mapambo. Soseji yenyewe ni mali ya kiwanda, nyama iliyosagwa, ikatiwa chumvi, ikapikwa, kisha ikakaa katika baridi hata ifike mkononi mwa mlaji. Bila ya baridi hiyo, Chicago isingekuwa na cha kujivunia.

Sababu ya kuhitajika baridi hiyo ni ya kisayansi, na yafaa ielezwe kwa utuo. Vijidudu viletavyo maradhi hukaa juu ya uso wa nyama, si ndani ya mnofu mzima ulio salama. Kwa hiyo kipande kilichochomwa vyema nje huwa kimekwisha kutakaswa mahali penye hatari. Lakini nyama ikisagwa, kilichokuwa nje huingia ndani na kuchanganyika kote, na ndiyo maana soseji sharti iive mpaka katikati, na kabla ya kuiva sharti ihifadhiwe mahali pa baridi. Mahali ambapo umeme huja na kuondoka, au hauji kabisa, kusaga nyama ya kuuza kesho ni kucheza na matumbo ya watu. Mshikaki ndio jibu la watu wasio na barafu: mbuzi huchinjwa asubuhi, hukatwa vipande, hutungwa kijitini, na kabla ya usiku kuwa mkubwa hakuna kilichobaki.

Nchi ya Kenya ina njia zote mbili, ya kiwanda na ya siku moja, katika mtaa mmoja. Nairobi ina *smokie*, soseji iliyokaushwa kwa moshi kiwandani, ambayo kijana huisukuma katika mkokoteni wenye joto, akaipasua kwa urefu na kuijaza kachumbari. Na hatua chache tu kutoka hapo huenda ukamkuta mzee anakata mutura juu ya ubao, yaani utumbo uliojazwa nyama, damu, vitunguu na dhania, ukachemshwa kisha ukachomwa. Mwislamu huupita mutura kwa sababu ya damu, na hiyo ni haki yake. Lakini kwa ustadi wa kazi, mutura ni soseji ya kale isiyohitaji kiwanda, kwani hutengenezwa na kuliwa siku ileile.

Pwani ndiko mshikaki ulikopata adabu zake zote. Watu wa Mombasa na Unguja huiloweka nyama katika tangawizi, kitunguu saumu, ndimu au ukwaju, na wengine huongeza papai bichi, ambalo lina dawa ya kulainisha mnofu. Lakini papai lina hila, kwani nyama ikilala ndani yake kupita kiasi huwa kama uji wenye nyuzi. Katika bustani ya Forodhani, Unguja, jioni huanza kwa moshi, na mishikaki ya huko huishia hata ndani ya bakuli la urojo, pamoja na bajia na viazi. Ng'ambo ya bahari, watu wa Oman huchoma mishikaki kando ya barabara na siku za Idi, na Madagaska nayo ina mishikaki yake ya ng'ombe.

Ukielekea bara, viungo hupungua na kipande hukua. Uganda ina Namawojjolo, katika njia ya Kampala kwenda Jinja, ambako wachuuzi hukimbilia madirisha ya magari wakiwa na kuku na nyama vijitini, pamoja na ndizi tamu za kuchoma. Rwanda na Burundi husema brosheti, na mbuzi ndiye sultani wake. Chumvi na moto hutosha, ndizi huwekwa kando, na pilipili huwa kali. Wanyarwanda huchoma pia matumbo ya mbuzi, nami nasema bila ya haya kwamba yakisafishwa vyema huishinda nyama ya paja.

Mtindo huo ndio uliovuka mpaka wa Kavimvira kutoka Burundi, ukashuka kwetu ufukoni. Lakini hapa kwetu kuna jambo ambalo Kigali hawana, nalo ni ziwa. Mukeke, ambaye ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka, huchomwa mzima juu ya mkaa, na akiwa ametoka majini karibuni, hutimiza sharti la upya sawasawa na mbuzi. Mahali pa mkate wa Chicago pana muhogo na ndizi, na hilo si upungufu, kwani muhogo wa kuchoma hunywa mafuta ya nyama bila ya kuloa.

Anayetaka kula vyema asiulize jina la mahali, bali atazame mambo haya: mkaa uwe mweupe usio na moshi, kwani mwali wa moto huunguza nje na kuacha ndani kubichi, katikati ya vipande vya mnofu pawe na kipande cha mafuta, na watu wawe wengi, kwa kuwa umati ndio barafu yetu. Sokoni Uvira na Baraka hali hiyo hupatikana jioni kwa jioni. Kijijini ni bora kungojea siku ya kuchinja, na siku nyingine ule samaki. Nawasihi wachomaji wasiichanganye nyama ya jana na ya leo katika kijiti kimoja, na mnunuzi aulize mbuzi amechinjwa saa ngapi kabla ya kuuliza bei.